Tyubu mbili kwenye kibakuli kimoja: shajara ya mradi wa kuchambua matukio wodini

8 Septemba

Kibali kimetoka. Mganga Mfawidhi amekubali tujaribu kwa miezi mitatu, kwenye wodi ya wazazi na ya upasuaji peke yake, namna mpya ya kuchambua matukio yanayomdhuru mgonjwa au yanayokaribia kumdhuru. Hospitali yetu ni ya wilaya, zaidi ya saa moja kwa basi kutoka Dodoma mjini. Sitaitaja jina, maana ninaowaandika humu ni wagonjwa wetu na wenzangu wa kazini.

Niandike kwanza tunakotoka. Miaka yote niliyofanya uuguzi, jambo likiharibika wodini kinachofuata ni barua ya kujieleza. Na mimi niliwahi kuandikiwa, nikiwa bado mgeni kazini, kwa ajili ya dozi ya antibiotiki iliyorukwa usiku. Nilijibu kama wote wanavyojibu: naomba radhi, halitajirudia. Hakuna aliyeniuliza usiku ule tulikuwa wangapi, wala kwa nini kabati la dawa lilifungwa na ufunguo ukaenda nyumbani na mtu wa mchana. Barua iliingia kwenye faili langu. Kabati liliendelea kufungwa vile vile.

10 Septemba

Nimeshinda na makaratasi jioni nzima. Njia inayojulikana zaidi kwetu ni ile ya kuuliza "kwa nini" mara tano, iliyotoka Toyota huko Japani. Wengi tuliipata pamoja na Kaizen, ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, iliyoingia hospitali za Tanzania kuanzia Mbeya mwaka 2007 na zile S tano zake. Ukutani kwetu bado pameandikwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wepesi wake naupenda. Ninachokiogopa ni kwamba inakwenda kwa mstari mmoja. Jibu la kwanza ndilo linalokushika mkono mpaka mwisho, na kwa desturi yetu jibu la kwanza huwa ni mtu. Kuanzia hapo, "kwa nini" nne zilizobaki zinamchimba yeye tu.

Mfupa wa samaki wa Kaoru Ishikawa, mchoro ambao kila mwiba wake ni kundi moja la sababu, unatanua macho zaidi, lakini nimeona vikao ambako watu wanajaza miiba yote ili karatasi ipendeze, na wanatoka bila kujua ni upi uliochoma.

Nimeamua tuegemee Itifaki ya London, mwongozo wa kuchambua matukio ya hospitalini ulioandikwa na Sally Taylor-Adams na Charles Vincent mwaka 2004. Unaanza kwa kupanga tukio saa kwa saa. Halafu unatafuta ni wapi huduma ilikwenda kombo, na kwa kila mahali hapo unauliza habari za mgonjwa mwenyewe, za kazi na miongozo yake, za mtumishi, za timu, za sehemu ya kazi na vifaa, za uongozi, na za mambo ya nje ya hospitali kama mgao wa fedha na watumishi. Mtumishi yumo, ila ni mmoja kati ya saba. Hicho ndicho kilichonivuta.

12 Septemba

Mafunzo ya kwanza, saa moja na nusu, chini ya feni isiyofanya kazi. Nilitaka kuwaeleza kielelezo cha James Reason, yule mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza aliyelinganisha kinga za hospitali na vipande vya jibini yenye matundu. Hapa kwetu jibini haiko mezani, kwa hiyo nikachora zizi la Kigogo lenye nyua tatu za miiba. Kila ua una pengo mahali fulani, na siku nyingi ua mmoja unafunika pengo la mwenzake. Fisi anaingia usiku ule ambao mapengo yote yameelekeana.

Mzee wetu wa ulinzi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema, "Na asubuhi anachapwa mtoto aliyelala karibu na zizi." Nimemwomba ruhusa niliandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wetu, na amekubali.

17 Septemba

Leo ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, inayoadhimishwa tangu 2019, na ndiyo siku tuliyochagua kuanza fomu ya kuripoti matukio. Ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, jina si lazima. Matukio ambayo hayakumfikia mgonjwa tumeyaita "nusura", neno ambalo hata mhudumu wa usafi analielewa bila kuelezwa.

Dokta wa upasuaji akauliza kama makaratasi ya namna hii yamewahi kuokoa mtu. Nikampa mfano wa nyumbani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Jambo la kwanza kwenye orodha ile ni kumhakiki mgonjwa: huyu ni nani? Dokta aliinyamazia ile fomu kidogo, halafu akaikunja akaitia mfukoni.

24 Septemba

Fomu sita. Zote za vifaa: mashine ya oksijeni, glavu, kitanda kilichovunjika. Hakuna iliyosema "mimi nilifanya hivi". Watu wanatupima kwanza.

1 Oktoba

Asubuhi nimekuta fomu juu ya meza yangu, haikupita kwenye sanduku. Imeandikwa na Sista wa zamu ya usiku, na ameweka jina lake.

Mama mjamzito wa kitanda cha 9 ana upungufu mkubwa wa damu. Chupa ya damu imeshatundikwa, kanula iko mkononi, mrija umeshajazwa. Wifi yake amekaa pembeni na kadi ya kliniki ndani ya nailoni. Sista ameshika kigurudumu cha mrija ili afungulie. Wifi anasema, taratibu kabisa, "Sista, samahani. Hiyo chupa imeandikwa A. Kadi ya wifi yangu inasema O."

Sista hakufungulia. Alichukua kadi, akaisoma chini ya tochi ya simu, akaishusha chupa.

Kwa asiye wa fani hii: mtu wa grupu O ana kinga mwilini zinazozishambulia chembe za damu ya A. Damu ile ingeingia, hata kiasi kidogo, chembe zingeanza kupasuka ndani ya mishipa. Homa, maumivu ya mgongo, mkojo mwekundu, presha kushuka, figo kufeli. Mama mwenye mimba na damu pungufu hana akiba ya kupambana na hayo.

Swali la kwanza la Matroni lilikuwa, "Nani alitoa sampo?" Ni swali ambalo kila mmoja wetu amefundishwa kuanza nalo. Nikamwomba: "Matroni, tulibakishe hilo mpaka tuione njia nzima." Alinitazama kwa muda. Akasema nina siku kumi, na ndani ya siku hizo hakuna barua itakayoandikwa. Namshukuru kwa dhati, maana siku kumi hizo ndizo zilizouokoa mradi.

2 Oktoba

Wodi nzima ilikuwa imeshahukumu kwamba kosa ni la maabara. Nikaenda huko kwanza. Mteknolojia, mtu mzima wa miaka mingi kazini, alikuwa ameitunza tyubu kwenye jokofu. Alipima mbele yangu: tyubu yenye jina la mama wa kitanda cha 9 ni grupu A, bila shaka yoyote. Tukaenda pamoja kitandani, tukatoa damu mpya. Grupu O.

Kwa hiyo maabara walifanya kazi yao sawasawa. Walipima grupu sawa, wakafanya krosimachi sawa, yaani kupima kama damu ya chupa inapatana na ya mgonjwa, na damu ikakubaliana na iliyokuwa kwenye tyubu, kwa sababu iliyokuwa kwenye tyubu ilikuwa ya mtu mwingine. Kipimo tunachokiamini kuliko vyote hakina uwezo wa kuliona kosa la aina hii. Uingereza, ambako wamekuwa wakikusanya matukio ya damu nchi nzima tangu 1996, aina hii ina jina lake kabisa: damu ya mwingine kwenye tyubu.

Mwingine tulimpata kitanda cha 6. Jina la kwanza moja na yule wa 9, la baba linaanza kwa silabi ile ile. Yeye ni grupu A, na tyubu yenye jina lake ina O. Alikuwa bado anasubiri chupa yake. Angewekewa chembe za O, zisingemdhuru, na upande wake wa kosa usingejulikana kamwe. Nalifikiria sana hilo. Ni mara ngapi limepita hivyo?

3 Oktoba

Mazungumzo na Sista. Sikutaka tukae ofisini kwa Matroni. Tulikaa chini ya mwarobaini nyuma ya dobi, upepo wa Dodoma ukipeperusha mashuka kwenye kamba. Alikuja na bahasha. "Nimeshaiandika kabisa, dada," akasema. Ndani ilikuwa barua ya kujieleza, kurasa mbili, kwa mwandiko wa mtu ambaye hakulala. Nikamrudishia bila kuisoma, nikamwomba anisimulie tangu alipopokea zamu.

Walikuwa wawili, yeye na mhudumu. Saa saba kulikuwa na mama anayejifungua. Saa nane Dokta akaagiza damu kwa wawili. Alianza kitanda cha 6, akaenda cha 9, tyubu zote mbili kwenye kibakuli kimoja cha chuma, akarudi mezani. Kabla hajakaa, mhudumu akamwita kwa yule aliyejifungua. Aliporudi akaandika majina.

Ulimi ulikuwa tayari kuuliza "kwa nini hukuandika pale pale?" Swali hilo lina hukumu ndani yake, na mtu akilisikia anafunga mlango. Nikauliza, "Huwa mnaandikia wapi?" Akajibu upesi, "Mezani. Si ndiko kwenye taa na plasta?"

Kuna kipimo kilichoenezwa na James Reason ninachokitumia hapa: mweke mtumishi mwingine, mwenye ujuzi ule ule, kwenye usiku ule ule, angefanya tofauti? Mchana nimewauliza wauguzi watano wa wodi ile, mmoja mmoja, wanaandikia wapi sampo za usiku. Wote watano: mezani.

5 Oktoba

Nimekwenda wodini saa nane usiku, saa ile ile, kuipita njia yake mwenyewe. Huu ndio usiku niliojifunza zaidi tangu tuanze.

Taa ya juu ya kitanda cha 9 imeungua. Kwenye daftari la matengenezo imeombwa mara tatu. Kutoka kitandani mpaka mezani nimehesabu hatua 22. Mezani, roli la plasta na kalamu vimefungwa kwa kipande cha bandeji kwenye mguu wa meza, fundo juu ya fundo, kwa sababu vikiachwa huru vinapotea na zamu inayofuata inakosa. Yaani mtu mwenye nia njema, aliyetaka plasta isipotee, alihakikisha kwamba hakuna lebo inayoweza kuandikwa kitandani.

Nikachukua tyubu mbili tupu zenye vifuniko vya zambarau, nikaziweka kwenye kibakuli. Nikajaribu kuandika moja kwa moja juu ya tyubu, wino unateleza. Nikatembea zile hatua 22. Tyubu zinabingirika, zinagongana, zinabadilishana nafasi. Nilipofika mezani, mhudumu akaniita niangalie dripu. Sekunde chache tu. Niliporudi nikasimama juu ya kibakuli kile nikijaribu kukumbuka ipi nilianza nayo. Sikuweza.

7 Oktoba

Tumewaeleza mama wa kitanda cha 9 na wifi yake kilichotokea, chote, na kuwaomba radhi. Dokta alikuwepo, Matroni alikuwepo. Mama alishapata chupa mbili za O na uso umeanza kurudi rangi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama Sista amefukuzwa. Tukamwambia hapana. Akasema, "Afadhali. Yeye ndiye aliyeshusha."

Wifi mtu alisema neno ambalo halikuwa kwenye ramani yetu. "Niliiona ile A tangu chupa inaletwa. Nilikaa nayo moyoni. Nilidhani Sista atanigombeza kwamba najifanya najua." Basi ukuta wetu wa mwisho siku ile ulikuwa ujasiri wa mwanamke mmoja kwenye benchi, na sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuogopa. Nimeliingiza kwenye sehemu ya timu, na nimesisitiza mgonjwa na ndugu zake wahesabiwe humo.

11 Oktoba

Kikao cha mapendekezo, siku ya kumi. Watu tisa.

Mapendekezo matatu ya kwanza yaliyoandikwa ubaoni: watumishi wakumbushwe kuwa makini, yafanyike mafunzo ya kuandika lebo, libandikwe tangazo ukutani. Nikasimama nikaeleza ngazi ya nguvu za hatua, ile iliyoenezwa na wataalamu wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2015. Kukumbusha na kufundisha viko chini kabisa. Juu yake kuna orodha za kuhakiki na kupunguza vinavyomkatiza mtu kazini. Juu kabisa kuna kubadilisha vifaa na mazingira ili kosa liwe gumu kufanyika hata na aliyechoka. Sista yule hakusahau kwamba lebo ni muhimu. Alikuwa anajua, kama tunavyojua sote. Semina haiwashi taa.

Hapo mazungumzo yakabadilika. Mhudumu, ambaye kwa kawaida haongei vikaoni, akasema tatizo ni kibakuli: kila mgonjwa angekuwa na chake, hata tyubu zikitembea hazichanganyiki. Fundi umeme akasema taa ya kitanda cha 9 inaweza kuwaka leo kama mtu atasaini hati ya kununua. Mganga Mfawidhi akasaini pale pale.

Mvutano mkubwa ulikuwa maabara. Nilitaka sampo ya pili, itolewe kwa wakati wake, kwa kila mgonjwa ambaye grupu lake halijawahi kupimwa kwetu. Mteknolojia akakataa, na sababu zake ni za kweli: vitendanishi, zile dawa za kupimia grupu, vinafika kwa kukatikakatika, na kila kipimo cha ziada kinamnyang'anya mwingine. Tulibishana karibu saa nzima. Tulipofika: mjamzito mwenye grupu kwenye kadi ya kliniki, muuguzi analinakili kwenye fomu ya kuomba damu, na maabara wanalinganisha kabla ya kutoa chupa. Likigongana, au kadi haina grupu, ndipo sampo ya pili inatakiwa. Anayevuja damu hatasubiri chochote. Atapewa O huku mengine yakiendelea. Ni pungufu ya nilichokitaka, lakini kinatekelezeka hapa, na kadi ndiyo iliyomwokoa mama yule.

Barua ya kumtaka Sista ajieleze haikuandikwa.

20 Oktoba

Taa inawaka. Trei ndogo zimepatikana, moja kwa mgonjwa mmoja, kila moja na kalamu na plasta yake. Maabara wameanza kukataa tyubu isiyo na majina matatu, namba ya faili na saa ya kutolewa. Na wakati wa kutundika, muuguzi anamuuliza mgonjwa "unaitwa nani?" badala ya kumtajia jina aitikie, halafu analisoma grupu kwa sauti huku ndugu ameshika kadi.

6 Novemba

Ukaguzi wa kwanza. Niandike yote, pamoja na yaliyokwama.

Mchana lebo zinaandikwa kitandani. Usiku nimekuta mara mbili trei zimehamia chumba cha sindano na plasta imeisha, na watu wamerudi mezani. Hakuna aliyepewa jukumu la kuzijaza; tulisahau kuliandika. Sasa ni kazi ya anayekabidhi zamu ya jioni, na iko kwenye daftari la kukabidhiana.

Maabara wamegundua mgongano mmoja kati ya kadi na tyubu. Sampo ya pili ikaonyesha kwamba tyubu ilikuwa sahihi na kadi ndiyo iliyokosewa huko zahanati. Tumewapigia wenzetu wa zahanati, bila kulaumu, na wameomba ile fomu yetu.

Sheria ya dharura nayo imepimwa: mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, usiku, alipata O bila kucheleweshwa na karatasi. Yuko nyumbani na mtoto.

Uongozi umeuliza kama kila fomu sasa itachambuliwa hivi kwa siku kumi. Hapana. Uingereza walitoa mfumo mpya mwaka 2022 unaowaruhusu kuchagua ni matukio gani yachimbwe kwa kina na yapi yamalizwe kwa mazungumzo mafupi ya timu, baada ya miaka ya kuchosha watu kwa ripoti nene. Sisi wenye muuguzi mmoja kwa wodi nzima usiku tuna sababu kubwa zaidi ya kuchagua.

14 Novemba

Mawingu yanajikusanya upande wa Mpwapwa, mvua bado. Wiki hii fomu zimefika kumi na moja, na nne zimeandikwa kwa kauli ya "mimi".

Moja ni ya magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kabatini kuna vichupa vya ujazo wa aina mbili, kimoja kina gramu 1 na kingine gramu 5, kioo kinafanana, maandishi madogo. Muuguzi aligundua akiwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Dozi ikizidi inazima kupumua kwa mama, na dawa ya kuitengua, kalsiamu glukoneti, ilikuwa kwenye kabati jingine, lililofungwa.

Sista wa tukio la damu ameomba aongoze yeye kupanga mfuatano wa saa. Amesema tuanzie kabatini, usiku, taa zikiwa kama zinavyokuwa. Tunakutana keshokutwa saa nane. Nimemwomba fundi aje pia, na mwenye ufunguo.